Mashine ya kufulia imegoma? Fuata maji kabla hujauziwa bodi

Mashine ya kufulia ikigoma, neno la kwanza utakalolisikia kutoka kwa fundi mwenye haraka ni "bodi imekufa". Bodi, yaani ubongo wa umeme wa mashine, ni ghali, ukiitazama huoni kilichoungua, na mwenye mashine hana la kubisha. Kazi hii ninaifanya Dar es Salaam, na mashine zilizokufa bodi kweli ninazokutana nazo ni chache. Nyingi zimekabwa na sarafu, soksi ya mtoto, mchanga wa kisima au sabuni iliyoganda. Kwa hiyo hapa tutafuata maji: yanaingiaje, mashine inajuaje kwamba yametosha, na yanatokaje. Umeme tutaugusa maji yakishajieleza.

Mitaani kuna mashine za aina tatu. Ipo ya matangi mawili, moja la kufua na jingine la kukamua. Ipo otomatiki inayofungukia juu, na ipo yenye mlango wa kioo mbele. Nitataja aina pale inapoleta tofauti. Mashine ya kuosha vyombo ina sehemu yake karibu na mwisho.

Kabla hujashika bisibisi

Chomoa plagi. Sisemi uzime swichi ya ukutani, nasema chomoa, uione plagi iko sakafuni. Kuna nyumba ambazo waya wa moto na wa nyutro vimegeuzwa kwenye soketi, na hapo ukizima swichi unakata nyutro tu, moto unabaki ndani ya mashine unakusubiri. Funga na koki ya maji.

Mashine za matangi mawili, na nyingi za kufungukia juu, zina kapasita, kidude cha kuisaidia mota ianze kugeuka, kinachoweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa. Iguse miguu yake kwa nyaya mbili zilizofungwa kwenye globu ya kizamani ya waya ndani, chaji itaishia humo. Usitumie vidole.

Vifaa si vingi: bisibisi ya nyota na ya bapa, plaisi, soketi za milimita 8 na 10, beseni la chini, taulo kuukuu, tochi na tesita ya namba, yaani kipimo cha umeme chenye kioo cha tarakimu. Simu pia ni kifaa. Kila waya utakaouvuta, upige picha kwanza. Fundi anayejiamini kwamba atakumbuka ndiye anayerudisha waya wa hita kwenye pampu.

Sasa rudisha plagi, fungua koki, weka programu ya suuza na kukamua bila nguo, simama pembeni usikilize. Mlango unajifunga "ta!". Maji yanaingia kwa mlio wa kumimina. Dramu, lile pipa la ndani la nguo, inageuka. Pampu inanguruma kutoa maji. Mwishoni inakamua kwa kasi. Pale mlolongo unapokatika ndipo ugonjwa ulipo, na hiyo tayari ni nusu ya kazi.

Maji hayaingii

Kwenye mashine za LG utaona herufi IE, kwenye Samsung 4E au 4C. Usikimbilie valvu, ile koki ya umeme inayoingiza maji, anza na tanki la juu. Kila mita 1 ya kimo, kutoka maji yalipo kwenye tanki hadi ilipo mashine, inakupa presha ya takriban bar 0.1. Tanki lililo mita 3 juu linatoa bar 0.3 tu. Sasa soma kibandiko cha nyuma ya mashine au kitabu chake: ukikuta presha ya chini imeandikwa MPa 0.05, hiyo ni bar 0.5, yaani inataka tanki liwe mita 5 juu. Mashine nyingine zinadai hata mara mbili ya hapo.

Sababu ni kwamba valvu ya kuingizia maji haifunguliwi na umeme peke yake. Umeme unafungua kitundu kidogo, halafu presha ya maji yenyewe ndiyo inayoinua kiwambo cha mpira. Presha ikiwa ndogo kiwambo hakiinuki sawasawa, na wakati mwingine hakirudi kikakaa sawasawa, maji yakaendelea kuchuruzika hata mashine ikiwa imezimwa. Watu wanabadilisha valvu tatu mfululizo kumbe dawa ni pampu ndogo ya kusukuma maji, au kulipandisha tanki.

Kipimo changu ni ndoo. Fungua mpira wa maji nyuma ya mashine, uelekeze kwenye ndoo ya lita 10, fungua koki. Ikichukua zaidi ya dakika 2 kujaa, mashine haina kosa.

Ndoo ikijaa vizuri, chungulia kwenye mdomo wa valvu, pale mpira ulipokuwa umefungwa. Kuna wavu mdogo wa plastiki. Uvute kwa plaisi taratibu, usiuzungushe, uoshe kwa mswaki. Kwa maji ya kisima utakuta mchanga na magamba ya kutu. Kazi ya dakika tano hiyo, na inaponya mashine nyingi.

Wavu ukiwa safi na bado maji hayaji, chomoa plagi, toa nyaya mbili za valvu, pima kwa tesita. Koili nzima ya volti 220 hadi 240 husoma kati ya kilo-ohm 3 na 5. Tesita isiposoma kitu, koili imekatika, nunua valvu. Beba ya zamani dukani, maana zipo za mdomo mmoja, miwili na mitatu, na miguu yake haifanani.

Maji hayatoki

Huu ndio ugonjwa ninaoitiwa mara nyingi kuliko yote. LG itaandika OE, Samsung 5E au 5C. Kwa mashine ya mlango wa mbele fanya hivi:

1. Fungua kijimlango kidogo chini kulia au kushoto. Kama kuna kijimpira chembamba, kivute, toa kizibo, maji yateremkie kwenye beseni. Kama mashine ilikuwa inafulia maji ya moto, yaache yapoe kwanza.
2. Zungusha kichujio kinyume cha saa, polepole, taulo likiwa chini. Maji yatakuja kwa wingi kuliko ulivyodhani. Yakizidi, kaza, mwaga beseni, rudia.
3. Vuta kichujio, tia tochi ndani ya tundu. Utaona feni ndogo ya plastiki. Igeuze kwa kidole: inatakiwa kugeuka kwa kukwamakwama kama inavutwa, na hiyo ni sumaku iliyo ndani, si ubovu. Isipogeuka kabisa, kuna kitu kimeishika. Ikigeuka laini kama haina mwenyewe, feni imeachana na mhimili wake, pampu imekwisha.
4. Safisha, rudisha kichujio hadi kikaze, na ukague kama kinavuja kabla hujafunga kijimlango.

Nilivyowahi kuvitoa humo: sarafu za shilingi 200, pini za ushungi, waya wa sidiria, vijiti vya meno, kifungo cha kanzu, na nywele za kusukia zilizojiviringisha kwenye feni hadi zikawa kama kamba ya katani. Nywele za bandia ni mbaya kuliko sarafu. Sarafu inapiga kelele utaisikia, nywele zinakaza kimyakimya hadi pampu inaungua.

Pampu safi isiyonguruma, ipime. Nyingi husoma kati ya ohm 100 na 250. Ikisoma vizuri lakini haigeuki ikipewa umeme, iondoe.

Mashine ya kufungukia juu ina habari yake. Nyingi hazina pampu, zina valvu ya mpira chini, inayovutwa na kimota kidogo au kwa waya. Sarafu ikikaa kwenye kiti cha valvu hiyo, maji hayatakaa ndani: yanaingia huku yanatoka kule. Ilaze mashine ubavuni juu ya godoro kuukuu, fungua kifuniko cha valvu, toa taka, angalia mpira kama umechanika. Ya matangi mawili ni nyepesi zaidi, maana mara nyingi ni kamba tu ya kitasa iliyokatika au kunyooka, na unaifupisha kwa fundo.

Mashine inayokunywa bila kushiba

Mama mmoja wa Tabata alinipigia. "Shikamoo mama." "Marahaba, baba. Fundi, mashine yangu inakunywa maji kama ngamia, saa nzima haijaanza kufua." Nilipofika, juu ya friji kulikuwa na mfuko wenye valvu mbili za zamani. Mafundi wawili walikwisha pita na kila mmoja alibadilisha.

Nilizunguka nyuma. Mpira wa kutolea maji ulikuwa umelazwa sakafuni, ncha yake imesukumwa ndani ya tundu la maji machafu. Nikamwomba kitambaa, akanipa upindo wa kanga kuukuu. Nikauinua mpira, nikaufunga kwenye bomba la koki, usawa wa kiuno. Nikawasha. Maji yakaingia, yakaonekana chini ya kioo, mashine ikanyamaza kidogo, kisha dramu ikageuka. Mama akacheka, halafu akaacha kucheka, nadhani alikuwa anapiga hesabu ya zile valvu.

Mpira ukiwa chini ya usawa wa maji yaliyo ndani, maji yanajivuta yenyewe kama mafuta kwenye kipira cha kunyonyea. Mashine inajaza, yanatoroka, inajaza tena. Ncha ya mpira inatakiwa iwe kati ya sentimita 60 na 100 kutoka sakafuni, na isizibwe kabisa ndani ya tundu, hewa ipite.

Mpira ukiwa mahali pake na bado haishibi, angalia kipima maji. Kiko juu ndani ya mashine, kidude cha mviringo chenye kipira chembamba kinachoshuka hadi kwenye kichumba cha hewa pembeni mwa tangi. Maji yakipanda, hewa inabanwa, kipima kinajua. Chomoa kipira, puliza kwa mdomo polepole kuelekea kwenye kipima. Vya zamani vitatoa "tiki" ukipuliza na "tiki" ukiacha. Vya kisasa vya kielektroniki havilii, hivyo usivihukumu kwa sikio. Kisha puliza upande wa pili, kuelekea tangini. Pakiwa pameziba umepata mgonjwa: ni uji wa sabuni ulioganda. Sukuma maji ya moto, kausha kipira, rudisha.

Uji huo unatoka wapi? Kwenye sabuni ya unga ya kufulia kwa mikono. Imetengenezwa itoe povu jingi kwa sababu mfuaji wa mikono hupenda kuliona. Ndani ya mashine povu linajaza kichumba cha hewa, linaidanganya mashine kwamba maji yapo, na pampu haiwezi kulisukuma. Tafuta sabuni iliyoandikwa ya mashine, na hata hiyo uitie kidogo kuliko unavyotamani.

Haigeuki, au inafua lakini haikamui

Kwanza nguo. Blanketi moja lililolowa, peke yake, linajikusanya upande mmoja, mashine inajaribu mara tatu nne inakata tamaa na kuandika UE. Litoe au liongezee mataulo mawili.

Kwa mashine ya matangi mawili, mota ikinguruma bila kugeuka, igeuze dramu kwa mkono ikiwa imechomolewa. Ikigeuka kwa urahisi, mshukiwa ni kapasita. Huwa na namba mbili, mathalani maikrofaradi 10 kwa mota ya kufulia na 4 au 5 kwa ya kukamulia, na volti 450. Nunua yenye namba zilezile ulizozikuta kwenye ile ya zamani. Dramu ikiwa nzito, angalia breki ya tangi la kukamulia. Kifuniko kikifungwa, kamba yake inatakiwa iivute pedi iachie. Kamba ikilegea, breki inabaki imeshika na mota inaungua ikipambana nayo.

Kwa mlango wa mbele, fungua kifuniko cha nyuma. Mkanda umechomoka? Urudishe kwa kuuvalisha kwanza kwenye puli ndogo ya mota, kisha uzungushe puli kubwa, mkanda uingie taratibu. Mkanda upo na mota haigeuki, toa kaboni mbili za mota, vile vijiti vyeusi vinavyoipa umeme ikizunguka, kama ni ya kaboni. Mpya huwa na karibu sentimita 3.5 hadi 4. Zikibaki chini ya sentimita 1.5, badilisha zote mbili hata kama moja bado ndefu. Mota za inveta hazina kaboni, usizitafute.

Kelele na kurukaruka

Mashine mpya inayotembea jikoni kama mlevi, angalia nyuma: bolti za usafirishaji, tatu au nne, hazijatolewa. Zinalishikilia tangi lisicheze safarini, na ukikamua zikiwamo unavunja mashine mwenyewe. Zitunze, utazihitaji siku ya kuhama. Kisha ikandamize kona kwa kona, na mguu unaoinuka uurefushe, halafu kaza nati yake.

Kelele ya ndege inayoruka, inayozidi kadiri kasi inavyopanda, ni beringi. Fungua mlango, inua dramu kwa mkono kutoka ndani. Ikicheza kwa kugonga, zimekwisha. Nyuma ya tangi mara nyingi utaona mchirizi wa kutu, kwa sababu anayekufa kwanza ni sili, mpira unaoizuia beringi isipate maji, maji yanapita, beringi inafuata. Ndiyo maana kubadilisha beringi bila sili ni kutupa pesa.

Hii kazi sikushauri uianze peke yako mara ya kwanza, maana unaitoa mashine yote vipande vipande. Na kabla hata hujamwita fundi, tazama tangi la plastiki kama limefungwa kwa skrubu au limegandishwa. La kugandishwa linakatwa kwa msumeno na kurudishwa kwa silikoni na bolti. Inawezekana, nimefanya, lakini kwa mashine ndogo ya zamani mimi humwambia mwenyewe auze spea.

Haipashi moto, au inakatisha umeme

Hita ya wati 2000 kwa volti 230 inatakiwa isome takriban ohm 26, na ya wati 1800 karibu 29. Pima miguu miwili ya pembeni, kisha pima kila mguu dhidi ya mguu wa kati wa ethi, yaani wa waya wa usalama unaokwenda ardhini. Hapo tesita isisome chochote. Ikisoma, hita inavujisha, na ndiyo inayoangusha swichi kuu kila mashine ikianza kupasha. Wengi wetu tunafua kwa maji baridi, kwa hiyo hita inaweza kufa miaka miwili mtu asijue.

Usikate waya wa ethi ili swichi iache kuanguka. Nimekuta hivyo zaidi ya mara moja. Swichi haianguki tena, ila bati la mashine linakuwa na umeme, na anayeligusa yuko pekupeku juu ya sakafu yenye maji.

Mlango ukigoma kufunguka baada ya kufua, subiri dakika 2 au 3, kufuli yake inahitaji kupoa. Usiivute kwa nguvu, na usiunganishe nyaya zake ili mashine ifanye kazi mlango ukiwa wazi. Dramu inayokamua inavunja mkono.

Mashine ya kuosha vyombo

Vyombo vikitoka vichafu, toa kichujio cha chini, kioshe kwenye sinki, kisha chomoa mikono ya kunyunyizia na uzibue vitundu vyake kwa kijiti. Mbegu za ndimu na punje za wali hupenda kukaa humo. Maji yakibaki chini, chini ya kichujio kuna kifuniko cha pampu. Kitoe, tafuta kipande cha glasi au mfupa wa samaki, lakini vaa glovu.

Mashine za Bosch zikiandika E15, kuna maji kwenye trei ya chini na boya limeinuka. Mashine inakataa kuanza ili isifurike nyumba. Watu huilaza nyuma maji yamwagike, inawaka, wanashangilia, wiki inayofuata E15 tena. Tafuta panapovuja: mpira wa mlango, viungo vya mipira, au mtu aliyetia sabuni ya maji ya kuoshea kwa mikono, povu likafurika.

Ukungu mweupe kwenye glasi ni chokaa ya maji magumu, na maji ya visima vya Pwani yanayo nyingi. Kisanduku cha chumvi kilicho chini kinataka chumvi ya chenga ya mashine. Chumvi laini ya mezani inaganda na kuziba. Kuondoa ukoga ndani, kwa vyombo na hata kwa ya kufulia, tia gramu 100 hivi za asidi ya sitriki, endesha tupu kwa nyuzi 60. Siku hiyo jiki isiguse mashine. Klorini na asidi zikikutana zinatoa gesi ya sumu.

Na bodi je?

Umefika hapa, maji yameingia na kutoka, vifaa vimepimwa vyote, na bado. Sasa fungua bodi. Tafuta kidude cha mviringo bapa kilichopasuka karibu na waya wa umeme unaoingia. Hicho hujitoa mhanga umeme ukiruka, na fundi wa redio anakibadilisha pamoja na fyuzi kwa bei ndogo. Tafuta pia mjusi. Sitanii: mjusi hupenda joto la bodi, akikanyaga miguu miwili ya umeme anakaukia hapohapo na kuacha shoti. Mfagie, safisha kwa spiriti, kausha kwa feni, jaribu. Kisha weka kilinda umeme kama cha friji, cha ampea 13.

Mashine ya mtumba iliyotoka Japani isome kibandiko kabla ya kuichomeka. Kule ni volti 100, na ukiipa 230 hapo kweli bodi imekufa.

Ukimaliza, kabla ya kufunga mabati yote, tandaza magazeti makavu chini ya mashine, endesha programu fupi, ukague karatasi mara tatu: ikijaza, ikitoa, ikikamua. Doa likitokea, litakuonyesha pa kukaza. Karatasi zikibaki kavu, funga bati, irudishe ukutani, na uache upana wa kiganja ili mpira usikunjike.